Vifaa vya fundi gari: soma nati kwanza, dukani uende baadaye

Boksi langu la kwanza la vifaa lilikuwa jekundu, vipande 108, nililinunua Gerezani kwa hela ya mchezo. Siku ya kwanza ikaja Noah kubadilisha breki padi. Nikafungua boksi mbele ya mteja kwa madaha, kumbe soketi ya milimita 21 ya nati za tairi haimo. Nikaenda kuazima kwa jirani. Vile vidude vya bisibisi zaidi ya 30 vilivyojaza boksi, vingi viko safi mpaka leo kwa sababu sijapata pa kuvitumia.

Namwandikia kijana anayemaliza VETA au anayetoka kwa fundi wake akitaka kusimama mwenyewe. Gharama ya vifaa inaumiza mwanzoni, na hela nyingi hupotea kwa kununua seti kabla ya kujua ni vyombo gani vya usafiri vitaingia getini. Bei sitaji, zinabadilika kila meli ikitia nanga.

Hatua ya 1: wiki mbili na daftari

Kabla ya kununua chochote, andika kila chombo kinachoingia unapofanya kazi sasa: aina yake, kazi iliyofanyika, na saizi za spana zilizoshikwa. Kwenye gereji nyingi za Dar utakuta 10, 12 na 14 zimejaa ukurasa, 17 na 19 zinafuata, na 13 inaonekana mara mojamoja.

Hiyo haitokei hivi hivi. Mjapani huweka kichwa cha milimita 10 kwenye bolti ya M6 (yaani yenye unene wa milimita 6), cha 12 kwenye M8, cha 14 kwenye M10, na cha 17 kwenye M12. Mjerumani kwenye M8 anaweka 13, na kwenye M10 anaweka 16 au 17. Kwa hiyo ukiona 13 na 16 zimeanza kujaa daftarini, ujue wateja wako wa VW na BMW wanaongezeka. Daftari hilo ndilo orodha yako ya manunuzi.

Hatua ya 2: boksi la msingi

Haya ni ya kila fundi, awe wa pikipiki au wa Scania.

Spana zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande mwingine, kuanzia 8 mpaka 19, kisha 21, 22 na 24. Za 10, 12 na 14 nunua mbilimbili: moja inashika kichwa cha bolti, nyingine inafungua nati nyuma yake. Seti ya dukani inakupa moja tu, na hapo ndipo watu huanza kushika upande wa pili kwa plaizi na kuua bolti.

Soketi na racheti za nusu inchi kwa kazi ya kawaida, na za robo inchi kwa sehemu za kubana kama chini ya dashibodi. Chukua soketi zenye pembe sita ndani. Za pembe 12 ni rahisi kuingiza, lakini zinashika nati kwenye ncha tu, na nati yenye kutu huisha pembe mara moja. Nunua pia mpini mrefu usio na racheti kwa ajili ya kulegezea nati ngumu. Racheti haitiwi bomba. Ndani yake kuna meno madogo, ukirefusha mpini kwa bomba la maji unayavunja, na siku itakapoteleza ngumi yako itaishia kwenye rejeta.

Bisibisi za flati na za nyota, plaizi ya kawaida, ya mdomo mrefu na ya kukata, vaisgripu (plaizi ya kujifunga), alenkii (funguo za pembe sita za kuingiza ndani ya bolti), nyundo ya chuma na ya raba, kipande cha shaba cha kupigia, tindo, tupa, msumeno wa chuma, brashi ya waya, fila geji (vibati vya kupimia mwanya), sumaku yenye mpini, taa ya kichwani. Spana malaya moja inatosha, na iwe ya dharura. Jina lake linasema yote: inaenda na kila nati na haimtulii yeyote.

Kuna spana moja ambayo mafundi wengi hawana nami nilichelewa kuinunua: ya nati za paipu za breki. Inafanana na ringi, ila imekatwa mahali ili ipite kwenye paipu kisha ishike nati pande tano. Nati ya breki kwenye Toyota nyingi ni 10, chuma chake laini, na imekaa chini ya gari miaka 15 ikila maji na vumbi. Nilipokuwa nayajifunza haya, niliishika nati ya namna hiyo kwa mdomo wazi. Ilisogea kidogo nikafurahi. Kumbe kilichosogea ni spana: pembe mbili zilikuwa zimelala. Nikaweka vaisgripu, nati ikabonyea, ikabana paipu, na paipu ikaanza kujisokota pamoja nayo. Jioni nilikuwa nanunua paipu mpya kwa hela yangu. Spana ya paipu ingenigharimu pungufu ya ile paipu. Nunua ya 10 na ya 12.

Halafu toki renchi, yaani spana ya kukazia kwa kipimo. Najua utasikia, “mkono wangu ndio kipimo.” Mkono unadanganya asubuhi na unadanganya zaidi jioni ukiwa umechoka. Nati za tairi za IST, Vitz na Corolla hukazwa Nm 103 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Nati ya kumwagia oili kwenye injini ya 1NZ, mojawapo ya injini za IST, ni Nm 37, na wanaoikaza kwa hasira ndio wanaoharibu uzi wa sampu, yaani bakuli la oili. Ukifika kwenye hedi ya injini hiyo hiyo, bolti zinakazwa kwa mpangilio Nm 29, kisha zinazungushwa nyuzi 90, yaani robo mzunguko, kisha nyuzi 90 tena. Hakuna mkono unaoweza kukisia hilo. Ukimaliza kazi irudishe toki renchi kwenye kipimo chake cha chini kabisa, na usilegezee nati nayo hata siku moja.

Hatua ya 3: kuinua gari

Jeki inainua, haishikilii. Oilsili ya ndani ikichoka gari linashuka bila kupiga hodi. Kwa gari dogo nunua jeki ya magurudumu ya tani 2 au 3 na stendi mbili za chuma, kisha uongeze mbili nyingine. Tofali la saruji si stendi, linapasuka ghafla. Kama hela ya mwezi huu inatosha kitu kimoja kati ya stendi na mashine ya kusomea hitilafu za gari, nunua stendi.

Hatua ya 4: pikipiki

Boda ndiyo njia ya bei nafuu ya kuanza, maana boksi lake ni dogo. Boxer, TVS na zile za Kichina zilizoundwa kwa mfano wa Honda CG125 zinafunguka kwa 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na vitu vichache vya pekee.

Spana ya plagi kwanza. Pikipiki za aina ya CG hutumia plagi ya D8EA, ambayo kichwa chake ni 18. Nyingine huhitaji 16. Kaa na zote mbili. Kisha fila geji nyembamba: tapeti za CG125 huachiwa milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na skrubu ya kurekebishia tapeti ina kichwa cha mraba chenye kifaa chake kidogo. Wanaokishika kwa plaizi huacha alama ambazo fundi wa pili anazisoma kama saini.

Kufungua sumaku ya injini unahitaji pula yake yenye uzi. Usiitoe kwa kupiga nyundo pembeni, utapasua sumaku au kupindisha shafti. Kwa klachi ya CG unahitaji soketi ya meno manne, kwa sababu nati ya katikati haina pembe bali ina mikato. Vijana wengi huipiga kwa tindo ikazunguka. Itazunguka kweli, lakini chembe za chuma zinabaki kwenye oili.

Ongeza bisibisi ya kugonga. Skrubu za kava ya injini zina nyota ya Kijapani, ambayo si sawasawa na nyota ya bisibisi ya kawaida. Bisibisi ya kawaida inapanda na kukwangua. Ya kugonga unaiweka, unaipiga nyundo kichwani, yenyewe inasukuma ndani na kugeuza kwa wakati mmoja. Skrubu ambayo imekusumbua nusu saa inaachia kwa pigo la pili. Malizia na kifaa cha kukatia na kuungia cheni, na vyuma viwili vya tairi.

Bajaji haina mengi ya kuongeza juu ya hayo. Kazi yake kubwa ni nyaya za klachi, gia na moto, kwa hiyo plaizi nzuri ya kukata waya ina thamani kuliko seti nzima ya soketi. Tabia ya watu wawili kuiegemeza bajaji ubavuni ili kuona chini inaokoa muda, ila toa betri kwanza, la sivyo tindikali itamwagika, na uangalie petroli isifuate.

Hatua ya 5: gari dogo la Kijapani

Hapa ndipo mkate wa wengi ulipo. Juu ya boksi la msingi ongeza soketi ndefu za 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Nati za tairi za Toyota, Nissan, Mazda na Mitsubishi nyingi ni 21. Honda, Subaru na Suzuki ni 19. Angalia uzi pia: Toyota na Honda ni 12 kwa 1.5 (unene wa stadi na nafasi kati ya nyuzi zake, kwa milimita), Nissan, Subaru na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Nati ya Toyota inaanza vizuri kabisa kwenye stadi ya Nissan, mizunguko miwili, kisha inakaza. Msaidizi asiyejua akiongeza nguvu, stadi imekwenda.

Plagi za 1NZ na 2NZ zinataka soketi ya 16 yenye raba au sumaku ndani pamoja na mkono mrefu, kwa kuwa plagi imezama shimoni. Injini mpya zaidi kama 2ZR zinataka 14 yenye ukuta mwembamba. Kwa filta ya oili nunua kikombe cha saizi yake. Mkanda na bisibisi ya kutoboa filta ni vya mtu aliyekwama porini.

Kazi za chini, yaani bushi, boljointi na tairodi endi, zinataka pula ya boljointi. Uma wa kupiga nyundo unafanya kazi haraka lakini unachana raba, kwa hiyo utumie pale tu kile kitu kinapotupwa. Kwa shokapu za mbele utahitaji vibano vya springi. Hapa usinunue vya bei ya chini. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Kaza vibano viwili zamu kwa zamu, na uso wako usikae mbele yake.

Hatua ya 6: gari la Ulaya

Ukikubali BMW, Mercedes au VW, ukubali na boksi la pili. Tairi zake zimefungwa kwa bolti, mara nyingi za 17, si nati, na ndani ya gari utakutana na nyota ya ncha sita ya kiume na ya kike, pamoja na ile ya VW yenye ncha 12 inayofanana na alenkii kwa mtu mwenye haraka. Ukiingiza alenkii mle umeiua bolti. Ushauri wangu: kama zinaingia mbili kwa mwezi, mpeleke mteja kwa fundi mwenzio mwenye vifaa. Heshima yako itabaki.

Hatua ya 7: dizeli, Hiace na Land Cruiser

Dizeli inabadilisha vipimo. Geji ya kompresheni ya petroli, ambayo injini nzima huionyesha bar 10 hadi 14, haifai hapa; dizeli hutoa bar 25 hadi 35 na geji itapasuka. Nunua ya dizeli, pamoja na vichwa vyake vya kuingilia kwenye tundu la gloplagi au la nozo. Nati za paipu za nozo kwenye injini kama 1HZ ni 17, nazo pia zinapenda ile spana iliyokatwa. Kwenye injini za kisasa za Hiace na Prado shinikizo ndani ya reli linapita bar 1,000. Ukitafuta pavujapo, tumia kipande cha boksi, si kidole. Dizeli ya shinikizo hilo inapenya ngozi na inataka hospitali siku hiyo hiyo.

Land Cruiser ya ekseli nzima mbele ina soketi yake, ya 54, kwa ajili ya nati za habu. Watu wengi huzizungusha kwa tindo na nyundo, na ndiyo maana ukifungua habu za magari ya safari za mbuga unakuta nati zina majeraha kama zilipigana. Beringi hizo zinahitaji kubanwa kwa kiasi maalumu: unakaza huku ukizungusha habu, unalegeza, unakaza tena kidogo, kisha unafunga washa ya kukunja na nati ya nje. Kwa tindo huwezi kujua umebana kiasi gani.

Kabla ya kufika huko utakutana na stadi za habu zenye washa za koni. Nati umetoa, lakini kifuniko hakitoki, na msaidizi ameshachukua bisibisi ya kuchokoa. Mzuie. Chukua kipande cha shaba, kiweke kwenye ncha ya stadi, piga kwa nyundo mara moja au mbili. Koni inaruka yenyewe. Ndiyo sababu shaba imo kwenye boksi la msingi.

Hatua ya 8: malori na mabasi

Hapa ukubwa unakuwa mwingine: racheti na mipini ya robo tatu na ya inchi moja, spana mpaka 36 na zaidi, jeki za chupa za tani 20 hadi 50, na stendi za uzito huo.

Fuso na Isuzu za zamani zina nati mbili kwenye kila stadi ya tairi za nyuma. Ya nje ni pembe sita, 41. Ya ndani ni mraba wa 21. Scania na malori mengine ya Ulaya hutumia nati moja ya 32 au 33, inayokazwa karibu Nm 600, na kwa hiyo madereva hubeba ile spana ya gia ya kuzungusha kwa mkono, inayoongeza nguvu mara nyingi.

Sasa tazama hili. Fuso imesimama, tairi ya kushoto nyuma, utingo amepanda juu ya bomba la mita mbili na kurukaruka. Nati haitoki. Anaita mwenzake, wanapanda wawili, bomba linapinda. Hakuna aliyeinama kuisoma stadi: kwenye ncha kuna herufi L. Upande wa kushoto wa malori ya namna hii uzi umegeuzwa, na kwa dakika 20 wamekuwa wakiikaza. Ukimfundisha msaidizi kitu kimoja tu kuhusu malori, mfundishe kutafuta L na R.

Breki za upepo nazo zina vyungu vyenye springi kubwa ndani. Chungu cha aina hiyo hakifunguliwi mpaka springi ifungwe kwa bolti yake maalumu. Kabini ya kuinama usiingie chini yake kabla ya kuona kizuizi kimeshika.

Hatua ya 9: trekta na magari ya inchi

Massey Ferguson 135 zilianza kutoka kiwandani miaka ya 1960 na bado zinalima. Nati zake nyingi ni za inchi, na mafundi huzikaribia kwa spana za milimita. Baadhi zinakubali: 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo 19 inakaa. 5/8 inapokea 16. 7/16 inapokea 11. Nyingine ni mtego. Nusu inchi ni 12.7, ukiweka 13 inacheza na kula pembe. Ya 9/16 ni 14.3: 14 haiingii, 15 inaelea. Nunua spana tano za inchi, si seti. Land Rover za zamani zinafuata mkondo huo huo.

Hatua ya 10: umeme, mashine na haibridi

Mita ya umeme inakuja kabla ya mashine. Betri iliyopumzika na kujaa inasoma volti 12.6, injini ikiwaka tarajia 13.8 hadi 14.5. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, betri imechoka au nyaya zina kutu. Malori ni volti 24, zidisha mara mbili. Kwa mita hiyo na taa ya kupimia yenye waya utamaliza kesi nyingi ambazo wengine wanaziita “control box”.

Mashine ndogo za kuchomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi zinasoma vizuri magari ya Marekani ya 1996 kuendelea, na ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001. Tatizo letu ni magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani: soketi ipo, lakini mashine ya bei chee haipati jibu. Kabla ya kulipa, ijaribu kwenye IST ya 2003, siyo kwenye gari jipya la muuzaji. Na mashine inakupa kodi, yaani namba ya hitilafu, haikupi jibu. Kodi ya oksijeni sensa inaweza kuwa ni paipu ya ekzosi iliyotoboka.

Haibridi, yaani magari ya petroli na umeme pamoja, kama Aqua na Prius nyingi zina betri ya volti 144 na 201.6, na ndani ya mfumo umeme hupandishwa mpaka 500 na zaidi. Waya wa rangi ya chungwa haushikwi kwa mazoea. Unahitaji glavu za umeme za volti 1,000, zikaguliwe kwa kuzijaza pumzi kila mara, mita ya kiwango hicho hicho, spana zenye ganda, na baada ya kuchomoa plagi ya usalama usubiri dakika 10 kabla ya kupima na kugusa. Ukiwa huna hivyo, badilisha breki padi na oili, basi.

Kununua na kutunza

Vifaa vya mtumba vya Japani na Ujerumani ni vizuri kuliko vipya vya kung'aa: KTC, Koken, Tone, Gedore, Hazet. Jina lisiwe stika, liwe limechongwa kwenye chuma. Nenda na bolti tatu mpya mfukoni, 10, 14 na 17, ujaribu kila soketi, ikicheza, rudisha. Racheti ishike kwa vidole viwili uizungushe polepole usikilize meno, yasikose hata moja. Soketi za kutumia na mashine ya upepo ziwe zile nyeusi nene. Za kung'aa hupasuka na kurusha vipande.

Paka vifaa vyako rangi yako, mstari mmoja tu kwenye mpini, kwa maana gereji ni ya watu wengi na soketi hazina miguu ila zinatembea. Jioni, kabla mteja wa mwisho hajawasha gari, hesabu. Ikipungua moja, itakuwa ya 10. Funua boneti tena, tazama chini ya betri na juu ya kava ya injini, ndipo umwambie awashe.